Ukiacha ugali na ndizi, mwili unafanya nini?

Siku hizi ukialikwa nyama choma Arusha au Moshi, hakosekani mtu mezani anayesogeza ndizi pembeni na kutangaza kwamba ameacha wanga. Atakutajia kilo alizopungua na suruali zinazomvuka, kisha atahitimisha kwamba ugali ndio uliotuponza. Pembeni yake yupo mwingine ambaye shemeji yake alijaribu hivyo hivyo akaishia wodini. Huenda wote wawili wanasema kweli, maana chini ya jina hilo moja wanabishania mambo matatu: kupungua uzito, kushusha sukari ya damu, na hali ya moyo miaka ishirini ijayo.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kupunguza wanga kunapunguza uzito, na kwa mwenye kisukari cha aina ya pili kunaweza kumsaidia sana. Ila wanga si mchawi. Kazi kubwa inafanywa na vile unavyoacha kula pamoja nao, na vile unavyoweka mahali pake. Na kwa anayemeza dawa fulani, kuanza kimya kimya bila kumwambia daktari ni hatari ya wiki hiyo hiyo.

Hesabu ya sahani

Chukua siku ya kawaida ya mtu wa mjini. Asubuhi chai yenye vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili: gramu kama 100 za wanga. Mchana anapita kwa mama lishe karibu na soko la Mbuyuni kula wali maharage. Wali uliopikwa una gramu 28 hivi za wanga katika kila gramu 100, na sahani ya mama lishe aliyezoea wateja wabeba mizigo haikosi gramu 400. Hapo tayari ni gramu 112, maharage bado hayajaguswa. Soda ya kuteremshia inaongeza kama 35. Usiku ugali, sahani inayolingana na ile ya mchana. Jumla inakaribia gramu 360, na kwa kuwa kila gramu ya wanga ina kalori 4, huyu amekula zaidi ya kalori 1,400 za wanga peke yake. Aliyeshinda akipakua magunia atazichoma. Aliyeshinda kwenye kiti cha ofisi atazitunza kiunoni.

Mpaka mmoja unaokubaliwa na wote haupo, lakini mara nyingi mlo wa wanga kidogo huhesabiwa kuwa ule usiofika gramu 130 kwa siku. Chini ya gramu 50 ndiyo ile watu wanaita keto. Gramu 50 ni pungufu ya nusu ya ile sahani ya wali, na siku nzima imeishia hapo: hakuna ndizi, hakuna maembe, na maharage ni ya kupima kwa kijiko.

Wengi wanaosema wameacha wanga hawajawahi kupiga hesabu hii. Bia ya nusu lita ina gramu kama 15 za wanga au zaidi, na pombe yenyewe ina kalori 7 kwa kila gramu. Anayekataa ndizi mbili za kuchoma kisha akaagiza bia nne hajaacha wanga, ameuhamishia kwenye glasi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1863 William Banting, mfanyabiashara wa mazishi wa London, alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi, na Afrika Kusini mpaka leo mlo wa namna hii unaitwa kwa jina lake. Keto nayo ilianzia hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1921, kama tiba ya kifafa. Kitambi hakikuwa kwenye mawazo ya mtu.

Kilo za wiki ya kwanza

Hapa ndipo watu wanapopata imani. Unaacha wali na ugali Jumatatu, Jumatatu inayofuata mzani umeshuka kilo mbili au tatu. Nani asiamini?

Mwili huhifadhi sehemu ya wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, kama nusu kilo hivi kwa mtu mzima. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu kama tatu za maji. Wanga ukikatika, mwili unatumia akiba hiyo na maji yake yanatoka kwa mkojo. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, nayo ikishuka, figo zinaachia chumvi, na chumvi ikitoka inavuta maji zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilo za mwanzo ni maji.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Ili mtu apoteze kilo tano za mafuta matupu ndani ya siku saba, angetakiwa kuchoma kalori 5,500 zaidi ya anazokula kila siku. Hata mpagazi anayepanda Kilimanjaro na mzigo kichwani angepata shida kufika hapo; mtu anayeendesha gari kutoka Njiro mpaka ofisini hawezi.

Maji hayo ndiyo yanayoleta pia yale mateso ya siku za mwanzo: kichwa kuuma, kizunguzungu ukiinuka ghafla, misuli kukaza usiku, uchovu. Wengine huita "mwili unatoa sumu." Hakuna sumu hapo. Ni chumvi na maji vimepungua, na mara nyingi supu yenye chumvi na maji ya kutosha vinatuliza, isipokuwa kwa mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, ambaye chumvi yake ina masharti ya daktari.

Insulini ndiyo chanzo cha kitambi?

Maelezo unayokutana nayo kila mahali ni haya: wanga unapandisha insulini, insulini inafungia mafuta ndani ya seli, basi ukikata wanga mafuta yanafunguka na unapungua hata ukila hadi ushibe. Nusu ya kwanza ni kweli. Insulini huzuia kweli mafuta yasivunjwe. Tatizo ni hiyo "basi."

Mwaka 2021 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walitoa matokeo ya jaribio dogo lakini kali. Watu 20 walikaa ndani ya kituo cha utafiti kwa wiki nne, kila mmoja akila aina mbili za milo kwa zamu, wiki mbili mbili, kiasi anachotaka. Mlo mmoja ulikuwa keto wenye vyakula vingi vya wanyama, mwingine ulikuwa wa mimea, wanga mwingi na mafuta kidogo. Kwenye wanga mwingi insulini ilipanda kama ilivyotarajiwa. Lakini watu walewale walijikuta wanakula kalori karibu 700 pungufu kwa siku, na mafuta ya mwili yakapungua. Kama insulini pekee ndiyo ingekuwa inaamua, matokeo yangekuwa kinyume.

Sasa kwa nini aliyeacha wanga anapungua? Kwa kawaida anakula kidogo bila kujua. Protini inashibisha kuliko wanga. Soda, maandazi, mkate mweupe, biskuti, chipsi, vyote vinaondoka kwa mkupuo mmoja, na hivyo ndivyo vyakula ambavyo mtu hula akiwa hana njaa. Uchaguzi unapungua pia: ukishapiga marufuku nusu ya vilivyomo kwenye kabati la vitafunwa dukani, huna pa kuweka mkono.

Jaribio lililonitosheleza zaidi ni la Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, lililochapishwa mwaka 2018. Watu 609 waligawanywa, nusu wapunguze wanga, nusu wapunguze mafuta, kwa mwaka mzima. Makundi yote mawili yaliambiwa waachane na sukari ya kuongeza na unga uliokobolewa, wale mboga nyingi, wapike nyumbani. Baada ya miezi 12 waliopunguza wanga walikuwa wamepungua wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Ila ndani ya kila kundi kulikuwa na waliopungua kupita matarajio na wengine walioongezeka. Wastani unaficha watu, kwa hiyo jirani yako kupungua kilo 15 si uthibitisho kwamba wewe utapungua hizo, na wala si uongo.

Picha ya jumla ya majaribio mengi ni kwamba wanga kidogo unaongoza kwenye miezi sita ya mwanzo, kisha ukifika mwaka tofauti inasinyaa au kupotea, hasa kwa sababu watu wamerudi kula kama zamani.

Wamasai, Wahadza na mgomba wa Kichagga

Hoja hii huku kwetu hatuhitaji kuitafuta mbali. Wapenzi wa nyama huwataja Wamasai: maziwa, nyama na damu, na wembamba. Miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann na wenzake waliwapima wanaume wa Kimasai wa Tanganyika na kukuta kolesteroli iko chini na dalili chache za ugonjwa wa moyo. Ni kweli. Ila uchunguzi wa maiti waliochapisha mwaka 1972 ulikuta mishipa ya moyo ya wanaume hao ina utando wa mafuta unaokaribia ule wa wazee wa Kimarekani, sema mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka, na wakaona kutembea kwao kusikokwisha kunaweza kuwa sababu. Tena maziwa yana sukari yake: lita mbili ni karibu gramu 100 za wanga. Mmasai wa maziwa hakuwa kwenye keto kali kama wanavyodhani wanaomtolea mfano.

Sogea upande wa Karatu, bonde la Ziwa Eyasi. Wahadza wanakula mizizi, ubuyu, matunda, nyama wakipata, na asali nyingi. Asali! Kwa mtu wa keto hiyo ni laana, na bado kumpata Mhadza mwenye kitambi porini ni kazi. Herman Pontzer na wenzake waliwapima na mwaka 2012 wakaonyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu wanazotumia kwa siku hazizidi za Wamarekani. Maana yake hata mazoezi peke yake hayaelezi wembamba huo. Kinacholiwa, na kiasi chake, kina sauti kubwa.

Halafu kuna Wachagga na migomba yao. Mtori, kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage), ndizi za nyama, mnafu, maharage, ulezi: chakula cha wanga mtupu kwa mizani ya keto. Watafiti wa hospitali ya KCMC pale Moshi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha mwaka 2025 matokeo ya jaribio lililohusisha vijana wa kiume 77 wenye afya, wa mkoa wa Kilimanjaro. Waliokuwa wakila chakula cha asili walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kiwandani cha mtindo wa Magharibi. Viashiria vya inflamesheni, yaani mwili kuwa kama unapambana na jeraha, vikapanda kwenye damu na seli za kinga zikadhoofika. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili wakaona kinyume chake. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Jaribio halikuwa la kupunguza uzito na halikuhusu wanawake wala wagonjwa, kwa hiyo nisilivute kupita urefu wake. Lakini linaniambia kwamba kuweka kiburu na keki kwenye fungu moja kwa sababu vyote ni "wanga" ni uvivu wa kufikiri.

Aliye kwenye dawa

Hapa naomba usomaji wa taratibu.

Ukikata wanga, sukari ya damu inashuka. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili hilo ndilo lengo, na majaribio yanaonyesha kwamba ndani ya miezi sita wengi hufikia vipimo vizuri, wengine hata wakapunguziwa dawa. Tatizo ni kwamba dawa ulizonazo zilipimwa zikiwa na sahani yako ya zamani. Anayechoma insulini, au anayemeza glibenklamidi, ambayo ni ya bei nafuu na imeenea, akiacha ugali leo na kumeza dozi ile ile, sukari inaweza kuporomoka usiku. Jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyikiwa, kisha kuzimia. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikiwa peke yake haina tabia hiyo, na ndiyo maana ushuhuda wa mtu wa metformini haumfai mtu wa insulini.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, akiambiwa na mtu "acha wanga na utaacha sindano," anapelekwa kaburini. Bila insulini mwili unazalisha ketoni (asidi zinazotokana na mafuta kuvunjwa) bila breki na damu inakuwa na asidi. Hali hiyo si sawa na ketoni kidogo anazopata mtu mzima wa afya aliyeacha wali. Kwake insulini iliyopo inazizuia zisipande kupita kiasi.

Kuna kundi la dawa za kisukari jipya kidogo kwenye maduka yetu, dapagliflozini na empagliflozini, zinazotoa sukari kwa mkojo. Dawa hizo zikikutana na keto, asidi ya ketoni inaweza kupanda huku kipimo cha sukari kikionekana cha kawaida kabisa, hivyo mgonjwa anatapika, anapumua kwa nguvu, na nyumbani wanasema sukari iko sawa. Hao wasisubiri kesho.

Dawa za shinikizo la damu nazo, hasa zile za kukojoza, zinajumlika na maji yanayotoka wiki ya kwanza. Babu anayeinuka kitandani akaanguka na kuvunja nyonga hakuumizwa na keto moja kwa moja, lakini hesabu ni ile ile. Mjamzito na mama anayenyonyesha waiache keto kabisa. Wapo wanaonyonyesha walioripotiwa kuingia kwenye hali ya asidi kwa kula wanga kidogo mno.

Ukienda kliniki beba dawa zote, na za mitishamba pia, na useme wazi: "Daktari, nataka kupunguza wanga, dozi zangu tuzifanyeje?" Kipimo cha kreatinini cha figo na cha mafuta ya damu vifanyike kabla, na virudiwe baada ya miezi mitatu.

Mahali pa ugali panawekwa nini

Mafuta ya damu hayamjibu kila mtu namna moja. Kwa wengi wanaopunguza wanga, trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta hayo, zinashuka na kolesteroli nzuri inapanda kidogo. Lakini kwa baadhi, kolesteroli mbaya inapanda sana, hasa wakijaza pengo kwa samli, kitimoto na nyama nono kila siku. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliofuatilia zaidi ya Wamarekani 15,000 kwa miaka mingi, ulikuta vifo vichache zaidi kwa waliopata nusu hivi ya kalori zao kutoka kwenye wanga. Walioshusha wanga na kuujazia nyama walifanya vibaya. Waliojazia vyakula vya mimea walifanya vizuri zaidi. Utafiti wa kufuatilia hauthibitishi chanzo, lakini mwelekeo wake siupuuzi.

Kwa mkoa wenye parachichi zinazoanguka zenyewe chini ya mti, hatuna kisingizio. Gramu 100 za parachichi zina wanga kama gramu 9, na 7 kati yake ni nyuzinyuzi. Karanga zipo, mayai yapo, dagaa wapo, mchicha na mnafu ni vya kila siku. Nyuzinyuzi hizo zinahitajika kweli: malalamiko ya kwanza ya walioacha wanga ni choo kigumu, kwa sababu wameacha maharage, matunda na dona kwa pamoja. Mwenye jongo naye ajue kwamba mlima wa nyama na bia ni njia fupi ya kuamka na kidole gumba cha mguu kimewaka. Mwenye figo dhaifu asijipandishie protini kwa kusoma simu.

Maharage nayatetea. Kwa familia isiyoweza kununua nyama kila siku, hayo ndiyo protini yao, na mlo unaoyapiga marufuku ulitungwa na mtu mwenye friji kubwa. Kwa wengi, kukaa kati ya gramu 100 na 130 kunatosha: hakuna soda, chai bila sukari, chapati za Jumapili tu. Kwa mama lishe inatosha kusema, "Dada, wali niwekee robo, maharage na mchicha ongeza." Anaelewa, na bei haipandi sana.

Mtihani wenyewe unakuja Desemba, Wachagga wanaporudi nyumbani na kila boma lina sufuria motoni. Mlo usioruhusu bakuli la mtori kwa shangazi hauvuki Krismasi, na wengi waliokuwa kwenye keto kali hurudi mjini Januari wamevunjika moyo na kula kupita walivyokula mwanzo. Ni afadhali kurudisha wanga kwa mpango: wiki mbili za maharage na ndizi chache, kisha dona kidogo, mzani ukipandwa mara moja kwa wiki. Kilo mbili zikirejea ndani ya siku tatu baada ya sahani ya kwanza ya ugali, usitishike, ni maji ya glaikojeni. Kilo za kuangalia ni zile zinazoendelea kupanda mwezi wa pili.